Gofu, fomu na sifuri za ami yangu

Najua nimekuwa kimya, kazi zimenibana na umeme nao hausaidii. Leo sina habari za simu mpya wala za seva. Leo nataka kuzungumza kuhusu gofu. Ndio, gofu, ule mchezo wa kuutembeza mpira mdogo uwanja mzima kisha mtu analipia! Kabla hujanikimbia, ngoja kidogo. Ndani yake mna habari ya programu niliyoiandika kwa mikono yangu, ikamfungia mlango mtu ambaye utotoni nilikula kwake.

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Kibokoni. Kwetu gofu si mchezo wa nyumbani. Tulikuwa na mpira wa miguu pale penye nafasi, karata na bao barazani, na bahari. Lakini ami yangu, ndugu mdogo wa baba, alikuwa kedi kwenye uwanja wa Klabu ya Gofu ya Mombasa kwa miaka mingi. Kama humjui kedi, ni yule anayembebea mchezaji mkoba wa fimbo, anampimia umbali, na anamwambia kwa heshima kwamba fimbo aliyoishika sio. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1911. Uwanja wake una mashimo 9 tu, kusini-mashariki mwa kisiwa, ukingoni mwa bahari, upande wa Barabara ya Mama Ngina. Anayetaka mashimo 18 anazunguka mara mbili.

Siku za likizo nilikuwa nafuatana naye. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuokota mipira iliyopotea na kuiuza tena. Mpira wa gofu una kipenyo kisichopungua milimita 42.67, ndivyo sheria zinavyosema, na ukiingia kwenye nyasi baada ya mvua za masika unaweza kuukanyaga usiuone. Kwa hiyo lazima nikiri mapema: mimi nilikuwa mmoja wa wale walionufaika na nyasi ndefu. Kila mpira uliopotea ulikuwa hela ya kachiri.

Haya, maneno mawili ya mchezo, kisha tuendelee. Ile njia ya nyasi fupi kutoka unapoanzia kupiga hadi karibu na shimo inaitwa feawei. Pembeni yake, nyasi zinapoachwa zikarefuka, panaitwa rafu. Mashabiki wa soka wanaijua rafu kwa maana ya kumchezea mtu vibaya. Asili ya neno ni ileile, na kusema kweli maana nayo haiko mbali.

Sasa, wabunifu wa viwanja vya gofu wamekuwa wakibishana zaidi ya miaka 100 kuhusu jambo moja: feawei iwe nyembamba kiasi gani, na rafu imuumize mtu kiasi gani? Upande mmoja kuna wanaoamini kwamba kosa ni kosa, liadhibiwe. Mfano wao mkubwa ni Oakmont, Marekani, uwanja ulioanzishwa na Henry Fownes mwaka 1903. Hadi leo uko vilevile. Mashindano ya US Open yalipochezwa pale mwaka 2025, rafu ilikuwa na urefu wa kama sentimita 12 na nusu, na katika mabingwa wote waliokuja ni J.J. Spaun peke yake aliyemaliza chini ya kiwango cha uwanja, kwa mkwaju mmoja tu. Au chukua Carnoustie, Scotland, mwaka 1999. Feawei zilibanwa na nyasi zikaachwa zikawa kama shamba la mpunga. Kijana Sergio Garcia alipiga mikwaju 89 siku ya kwanza. Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la mwisho akiongoza kwa mikwaju 3, akaishia kuvua viatu na kuingia kwenye kijito. Paul Lawrie alichukua kombe akiwa mikwaju 6 juu ya kiwango. Watazamaji walicheka, wengine walitaka kulia.

Upande wa pili yuko mtu ninayempenda, Alister MacKenzie. Alikuwa daktari, akaenda vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, akavutiwa na namna Makaburu walivyojificha mbele ya macho ya watu, na baadaye akaitumia elimu hiyo kuchora viwanja vya gofu. Yeye na Bobby Jones ndio waliochora Augusta, uliofunguliwa mwaka 1933: feawei pana sana, na rafu karibu hakuna. Ukipiga ovyo unaupata mpira wako na unaendelea kucheza, ila umekaa pabaya kwa mkwaju unaofuata. MacKenzie aliandika wazi kwamba uwanja mzuri haumfanyi mtu apoteze muda akisaka mipira. Ukienda nyuma zaidi, pale St Andrews ambako gofu ilianzia kukua, shimo la kwanza na la 18 zinagawana feawei moja yenye upana wa zaidi ya mita 100. Ng'ombe angepotea humo, sembuse mpira.

Ami yangu hakuwahi kumsikia MacKenzie. Lakini alikuwa na mambo mawili aliyoyajua kwa miguu yake.

La kwanza ni upepo. Uwanja wetu unatazama bahari. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, upepo unatoka baharini moja kwa moja. Alikuwa akisema feawei ya hatua 30 saa moja asubuhi, ikifika saa tisa alasiri ni ya hatua 15, na hakuna aliyekata nyasi hata moja. Kwa hiyo upana wa njia haupimwi kwa kamba tu, unapimwa pamoja na yale yatakayompata mtu akiwa njiani. Anayechora ofisini penye utulivu huona hatua 30.

La pili lilinichukua miaka kulielewa. Siku moja tulikuwa tunamsakia mzee mmoja mpira wake, watu wanne tumeinama kama wavuna mpunga. Zamani sheria ilitoa dakika 5 za kutafuta. Tangu Januari 2019 ni dakika 3. Zikiisha, mpira umehesabiwa kupotea, unaongezewa mkwaju mmoja, na unarudi ulikopiga mwanzo. Yaani umelipa mara mbili. Nikamwuliza ami, mbona wasizikate nyasi hizi? Akanijibu polepole, "Mwanangu, hizi hazimuudhi fundi. Fundi haji huku. Huku waja wazee na wanaojifunza."

Fikiria hapo. Rafu inasemwa imewekwa kumpima bingwa, lakini bingwa haingii humo mara nyingi, na akiingia ana nguvu za kutoka. Anayeumia kila siku ni yule dhaifu. Na hata kwa mabingwa wenyewe hesabu inaweza kugeuka. Mwaka 2020, US Open ilichezwa Winged Foot, feawei nyembamba, rafu nzito. Bryson DeChambeau akaamua kupiga mbali kwa nguvu zake zote bila kujali utaanguka wapi. Alizipata feawei 23 tu kati ya 56, na akashinda kwa mikwaju 6 chini ya kiwango, peke yake! Njia ikiwa nyembamba mno hadi karibu kila mtu anaikosa, usahihi unakosa faida. Anayeshinda ni mwenye misuli ya kuutoa mpira kwenye nyasi, au aliyefika karibu zaidi. Waliobana njia walitaka kumzawadia mwenye shabaha, wakamzawadia mwenye mabavu.

Sisi wa kompyuta tumeyafanya hayohayo. Wakumbuka XHTML? Mwaka 2000 tuliambiwa mustakabali wa wavuti ni ukurasa usio na kosa hata moja. Kwa kanuni kali za XML, alama moja ukisahau kuifunga, kivinjari hakionyeshi ukurasa, kinaonyesha kosa. Nilikuwa muumini mkubwa, niliweka kile kibandiko cha "XHTML halali" chini ya kila tovuti niliyoitengeneza. XHTML 2 ikaachwa mwaka 2009, na HTML5 ikachukua njia nyingine: badala ya kuwaadhibu wanaokosea, iliandika hatua kwa hatua namna kivinjari kitakavyolisoma kosa. Au nywila. Mwaka 2003 Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, aliandika mwongozo uliotufunza sote kulazimisha herufi kubwa, tarakimu na alama. Watu wakaandika nywila kwenye karatasi na kuzibandika kwenye kioo cha kompyuta. Mwaka 2017 taasisi iliyafuta masharti hayo, na mwenyewe alisema anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Njia nyembamba, kila mtu nje ya njia.

Nimeyasema haya kirefu kwa sababu nilikuwa nakimbia sehemu inayofuata. Haya, bismillahi.

Mwishoni mwa mwaka 2018 kamati moja ya basari (sitaitaja, na kosa si lao) iliniomba niwatengenezee mfumo wa maombi. Kabla ya hapo walipokea karatasi, na karatasi zilikuwa vurugu: majina nusu, nambari za vitambulisho zisizosomeka, mtu mmoja ameomba mara tatu. Nikajiambia nitawanyoosha. Nambari ya kitambulisho lazima iwe tarakimu 8. Majina matatu, herufi tupu, bila nafasi wala kistari. Barua ya kujiunga na shule ipakiwe. Ukikosea popote fomu inajifuta yote uanze upya. Ukikosea mara 5, unafungiwa hadi kesho. Na ukikaa dakika 10 bila kumaliza, unatolewa. Niliwaonyesha kamati, wakafurahi sana. Data ilitoka safi, safi kabisa! Nilijisikia fundi.

Mwezi wa Februari 2019, Jumanne asubuhi, nilipita kwa ami kumpelekea samaki. Nikamkuta mjukuu wake anaosha vyombo uani. Msichana huyo analelewa na ami, na alikuwa amefaulu kwenda kidato cha kwanza. Nikamwuliza, vipi, hukwenda shule? Akasema bila kuinua macho, "Fomu ya basari ilimkataa babu, mjomba."

Ami akaingilia haraka, akacheka cheka. "Mambo ya mitambo hayo. Mwaka ujao inshallah." Kisha akageuza mazungumzo, akaniuliza bei ya samaki.

Sikusema kitu. Nilirudi nyumbani, nikafungua kumbukumbu za seva. Nambari yake niliijua. Nilimkuta.

Majaribio 10, siku mbili, kutoka saiba moja. Mara tatu za kwanza aliandika nambari yake kama ilivyo. Ina tarakimu 7, kwa sababu vitambulisho vya wazee wengi nchini hapa vina tarakimu chache kuliko vyetu, jambo ambalo ningelijua kama ningemwomba mzee mmoja tu anionyeshe chake. Mara ya nne akaweka sifuri mbele. Ikapita! Lakini jina lake la ukoo lina "Al" na kistari, kama nusu ya majina ya mtaa wetu, nami nilikuwa nimekataza vistari. Mimi, mtoto wa Kibokoni. Mara ya tano akajaribu nafasi badala ya kistari. Amefungiwa.

Kesho yake akarudi. Sifuri nyuma. Sifuri mbele na nyuma. Kistari tena, labda kimebadilika mawazo. Katika jaribio la 10 akayaunganisha majina, sifuri mbele, kila kitu kikakubali, akaanza kupakia barua. Na mfumo wangu ukamtoa, kwa sababu dakika 10 zilikuwa zimekwisha. Siku ya tatu maombi yalikuwa yamefungwa.

Na jamani, hata ingepita, nambari yenye sifuri na jina lililounganishwa visingelingana na kitambulisho chake. Angekataliwa mbele zaidi, na pengine kuitwa mdanganyifu.

Nilikaa na ule ukurasa hadi adhana ya alfajiri. Kilichoniuma zaidi ni kuona kwamba yule aliyenifundisha kusaka mpira kwenye nyasi alikuwa anasaka vilevile ndani ya programu yangu: kwa utaratibu, mstari kwa mstari, bila hasira, huku saa ya saiba inahesabu.

Kisha nikaitazama ile data safi kwa jicho jingine. Waliopita walikuwa nani? Wengi walikuwa wamejaziwa na vijana wa saiba, wale walioshagundua wapi pa kudanganya mfumo, kwa ada yao ndogo. Sikuwalaumu. Ndio sisi, watoto wa kuokota mipira. Penye rafu hapakosi wa kula humo, na mtu wa namna hiyo hawezi kuwa wa kwanza kuomba nyasi zikatwe.

Kuna asubuhi nilitembea kutoka nyumbani hadi Ngome ya Fort Jesus nikiwaza haya. Ngome ile Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mchoro ni wa Mtaliani Giovanni Battista Cairati, na kuta zake zimepinda makusudi: ukijificha kwenye ukuta mmoja, unaonekana kutoka ukuta mwingine. Hakuna pa kukosea. Ni kazi nzuri, kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya adui. Mimi nilijenga hivyohivyo kwa ajili ya babu anayetafuta karo.

Halafu ukitoka ngomeni unaingia Ndia Kuu (ndia ni njia kwa Kimvita, kwa wale wa bara), na kutoka hapo vichochoro. Vyembamba kweli, mikono miwili unagusa kuta zote mbili. Lakini hebu jaribu kupotea. Unakata kona isiyo yako, unakuta baraza, wazee wanakunywa kahawa, wanakuuliza wamtaka nani, mtoto anatumwa akufikishe. Wembamba ule ni wa kutia kivuli. Tangu siku hiyo nimeacha kusema wembamba ndio ubaya. Kutuma pesa kwa simu, kwa mfano, nataka njia iwe nyembamba. Hata hapo, M-Pesa yenyewe inakuonyesha jina la mpokeaji na kukupa sekunde chache za kughairi kabla pesa hazijaondoka. Swali ni nani amekaa barazani pale mtu anapokosea.

Fomu niliibadilisha kwa wiki mbili, bila kuwadai chochote. Nambari ya kitambulisho inapokelewa ilivyo kwenye kadi. Jina ni kisanduku kimoja, andika uitwavyo, na vistari vyako vyote. Ulichojaza hakifutiki, hata ukiondoka ukarudi wiki ijayo kwenye saiba nyingine. Kufungiwa nimekuondoa. Ombi lenye utata halikatazwi, linawekwa kando na mtu wa kamati anapiga simu. Mmoja wa kamati alilalamika kwamba data imechafuka tena, na ni kweli, imechafuka kiasi. Sasa usafi ni kazi ya programu yangu usiku, baada ya mwombaji kulala.

Kamati niliwapelekea zile kurasa za kumbukumbu, nikawaambia kosa ni langu. Wakafungua jalada lake kwa mkono. Msichana aliripoti shule mwishoni mwa Februari, karibu nusu ya muhula imekwenda. Hesabu ndiyo iliyomsumbua, kwa sababu wenzake walishatangulia, na muhula mzima alikuwa mtu wa kufukuza. Hilo hakuna toleo jipya la programu linaloweza kulirekebisha.

Ami nilimweleza Jumapili moja jioni, pale Mama Ngina, tumekaa kwenye ukuta tunatazama meli ikiingia Kilindini. Nilimwambia ile fomu ni mimi niliyeiandika. Alinyamaza kidogo. Nilitegemea aseme amesamehe, au anigombeze, lolote.

Alichotaka kujua ni kama zile sifuri alizoongeza zitamletea matata serikalini. Tangu Januari alikuwa na wasiwasi nazo, hakumwambia mtu. Nikamwambia hapana, ami, nimeshazifuta zote. Akashusha pumzi, akaita muuza mihogo, akasisitiza alipe yeye.